Siri Ilindayo na Siri Iangamizayo



Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii twaitumia kumhimiza mwenye shida aseme apate msaada. Leo tuichukue kwa maana yake ya wazi kabisa, kwani zimo nyumba zilizokosa mtoto kwa sababu ya kuficha.

Tutazame kisonono. Mwanamume akiambukizwa, mara nyingi huona dalili baada ya siku chache: maumivu aendapo haja ndogo, na usaha. Huona haya, akaenda dukani kwa kificho, akanunua vidonge, akapata nafuu, akanyamaza. Mkewe, ambaye huenda asione dalili yoyote, hubaki na vijidudu vinavyopanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi, vikaweza kuiziba. Miaka hupita bila mimba. Mawifi huanza kumwita mgumba, na wazee hushauri mume aoe mwingine. Ajuaye asili ya ugumba huo ni mtu mmoja tu, naye amenyamaza.

Hata vidonge vile si vya kutumainiwa. Vijidudu vya kisonono vimekwisha kuzizoea dawa nyingi zilizokuwa zikiwaponya wazazi wetu. Mwenye kujitibu kwa kubahatisha huenda akaondoa maumivu tu, akabaki na maradhi.

Kaswende nayo ina hila yake. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, na baada ya wiki chache hupona chenyewe. Mgonjwa hushukuru, kumbe ugonjwa umo mwilini. Waweza kumuua mtoto tumboni, na baada ya miaka mingi kudhuru moyo na ubongo. Ndiyo sababu mama mjamzito hupimwa damu kliniki, na yampasa mumewe aandamane naye. Dawa iko, nayo ni sindano ya penisilini.

Faida ya kutibiwa ipasavyo ilidhihirika hapa kwetu, mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994. Katika vijiji ambako wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifunzwa kutibu magonjwa ya zinaa na kupewa dawa za kutosha, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kadiri ya asilimia 40 kuliko katika vijiji vilivyolinganishwa navyo. Zahanati za kawaida ndizo zilizofanya kazi hiyo.

Wapo wasemao kwamba usafi watosha kuwa kinga. Usafi ni wajibu, lakini una mipaka yake. Maji safi kwa sehemu za nje yatosha. Mwanamke asijioshe ndani kwa sabuni, ndimu wala dawa za kuulia vijidudu, maana huharibu ulinzi wa asili wa mwili. Wala kuoga baada ya tendo hakuzuii ugonjwa. Kinga ni uaminifu wa watu wawili waliokwisha kupimwa, au kondomu: isiyopitwa na tarehe, isiyokaa joto la mfukoni siku nyingi, wala isiyopakwa mafuta ya mgando, ambayo huudhoofisha mpira wake.

Sasa tuje kwenye siri yenyewe. Mgonjwa anayo haki ya kusikilizwa mlango ukiwa umefungwa, na habari zake zisifike kijiweni. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inaagiza matokeo ya kipimo yatunzwe kwa siri, na marekebisho ya mwaka 2019 yameruhusu mtu kujipima mwenyewe. Akijiona ana virusi, hana budi kwenda kituoni kuthibitisha. Hiyo ni siri ilindayo, na mhudumu anayeivunja huwafukuza wagonjwa wengine wasirudi.

Lakini siri hiyo ni ngao dhidi ya majirani na wachongezi. Si ngao dhidi ya mwenzi wako, ambaye mwili wake umo hatarini pamoja na wako. Tena ukitibiwa peke yako, mtaambukizana upya, na tiba itakuwa kazi bure.

Basi, ndugu msomaji, uonapo dalili usingoje zipoe. Nenda zahanati, maliza dawa zote, jizuie mpaka nyote wawili mpone. Na anayehofia kupigwa au kufukuzwa akisema, amweleze mhudumu kwanza, ili watafute pamoja njia ya salama ya kumfikishia mwenzake habari.