Bustani ya Armida, Hamamu ya Kidichi

Kama mmewahi kwenda Kidichi na mwenzio, bila shaka mliingia kwenye ile hamamu yenye makuba. Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, binti wa kifalme wa Uajemi. Bibie alikuwa mtu wa farasi na kuwinda, basi akirudi kachoka apate pa kukoga. Kuta zikatiwa nakshi za maua na ndege, kama za kwao. Mume gani huyo, jamani!

Mimi nikiiona namkumbuka Armida. Yumo kwenye Rinaldo, opera ya Handel iliyoimbwa kwa Kiitaliano jijini London mwaka 1711. Opera ni mchezo wa jukwaani unaoimbwa, na huu ulitokana na utenzi wa Torquato Tasso kuhusu vita vya msalaba. Siku hizo walifungulia shomoro wa kweli ukumbini ili bustani ionekane bustani!

Armida ni malkia mwenye sihiri. Anamteka Almirena, mchumba wa Rinaldo, anamfungia kwenye bustani yake ya ajabu. Argante, mpenzi wa Armida mwenyewe, anamtamani mateka. Anachopata ni kilio: binti anaomba uhuru wake, hana habari na mahaba. Wimbo huo mpaka leo unaimbwa peke yake majukwaani.

Kisha Armida naye anampenda Rinaldo, adui yake. Anamtongoza, anakataliwa, ndipo anajigeuza sura ya Almirena. Jamaa anamkumbatia, halafu anagundua, anatoka kwa hasira. Hapo ndipo ninapomhurumia. Amekumbatiwa, ndiyo, lakini kwa jina la mwingine. Wangapi wetu tunajifanya wapole, tunajifanya tunapenda mpira, ili tu tusiachwe? Ukipendwa hapo, kapendwa nani?

Seyyid Said angalau hakumtaka Shahrazad ajigeuze. Alimjengea mkewe alivyo, na farasi wake. Hata hivyo ndoa ilivunjika bila mtoto, akarudi Uajemi. Salme, bintiye Sultani, anasimulia kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1886 kuwa baadaye, Wafursi walipopigana na Oman kugombea Bandar Abbas, mtalaka huyo alisemekana kuonekana vitani upande wa kwao, akiwalenga watu wa ukoo wa mumewe wa zamani.