Vidole Haviuzwi Dukani



Mabwana wakubwa wanalalamika kwamba sisi hatujali usalama kazini. Wanaandika ubaoni siku zilizopita bila ajali, na wanaahidi kila mtu kilo 2 za sukari hesabu ikifika 100.

Sisi twasema: sukari hiyo ni ya kununua kimya. Mwenzetu akikatwa kidole siku ya 99, atakifunga kitambaa na kukificha, asije akalaumiwa na wenzake. Ubao utasema hakuna ajali, na mashini itamngoja mwingine.

Mfanya kazi hujali usalama anaposikilizwa. Akisema ukanda wa mashini hauna kifuniko, naye nyapara akamjibu, "Kazi ikikushinda, wengi wako mlangoni," kesho atanyamaza.

Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 haikutaja sukari. Yasema penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanya kazi. Yasema pia kwamba anayeondoka penye hatari kubwa, akiwa na sababu ya haki, asifukuzwe wala kuadhibiwa.

Lakini na sisi tujilaumu. Wako wanaoondoa kifuniko ili wamalize haraka, na wako wasiofika siku ya kuchagua wajumbe. Kamati isiyo na watu wetu ni kamati ya meneja.

Chagueni mtu asiyeogopa. Mwambieni kila hatari mnayoiona, naye aiandike. Sukari tutanunua wenyewe kwa mishahara yetu. Vidole haviuzwi dukani.