Kambi ni nzuri, ila tuanzie Buhangija

Kambi za makanisa kwa watoto waliokimbia vita ni jambo jema, ila sisi wa Shinyanga tusitazame mbali mno. Watoto wenye ualbino waliopelekwa kituo cha Buhangija, hapa hapa kwetu, hawakukimbia mizinga. Walikimbia mapanga, wengine wakiwahofia hata ndugu zao. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao Chato, mkoani Geita, mama yake akakatwa panga akimng'ang'ania. Yote kwa imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino vinaleta dhahabu, samaki au kura.

Makanisa yanafika Buhangija, sikatai. Yanaleta sabuni, mchele na pipi, mapambio yanaimbwa mpaka jioni, picha zinapigwa, basi linaondoka. Lakini mwangalie mtoto aliyeinamia daftari mpaka pua inakaribia kugusa karatasi, halafu uniambie pipi zitamsaidia nini. Huyo anahitaji miwani, kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Mafuta yenyewe, Kilisun, yanatengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi, tena hospitali ya kanisa! Harambee zetu zinashindwa nini kuelekea huko?

Halafu shule zilipofungwa wenzao walikuwa wanarudi kwa mama, hawa wengi walikuwa wanabaki bwenini kwa hofu ya mapanga yale yale. Mimi ningekuwa mchungaji, kambi ningeipiga kwenye maduara ya dhahabu ya Geita, niwaambie wachimbaji Jumapili, uso kwa uso, kwamba hakuna mfupa wa mtu unaovuta dhahabu. Au tunaogopa sadaka itapungua?