Faida ya Benki na Akiba Zetu



Kila mwaka mabenki ya hapa Nairobi hutangaza faida zao magazetini, nasi huzisoma tarakimu zile kana kwamba ndizo dhamana ya akiba zetu. Sizo. Faida ya benki hupatikana baada ya kukisia mikopo mingapi haitarudi, na mwenye kukisia ni yule yule aliyeitoa. Akisema yote ni mizuri, faida hunona. Akisema kweli hana budi kutenga fedha za kufidia hasara, na faida hukonda.

Tazameni Westlands, yalipokuwa makao ya Imperial Bank. Septemba 2015 benki hiyo iliwauzia watu hati za mkopo za shilingi bilioni 2, na watu wakazinunua. Tarehe 13 Oktoba Benki Kuu iliiweka chini ya mrasimu: kumbe fedha nyingi zilikuwa zimetolewa kwa siri, kwa hesabu zisizoonekana vitabuni. Wakaguzi walikuwa wakiingia na kutoka miaka yote hiyo!

Haikupita miezi sita, ikafuata Chase Bank ya Riverside Drive, tarehe 7 Aprili 2016. Vitabu vyake vilikuwa vimechapishwa upya, vikionyesha kwamba mikopo ya wakubwa na watu wa ndani ilikuwa mikubwa kuliko ilivyosemwa kwanza. Uvumi ukaenea, watu wakakimbilia fedha zao.

Bima ya amana wakati ule ilikuwa shilingi 100,000 kwa mtu. Tangu 2020 ni 500,000. Mtasema mshahara wetu haufiki huko. Kweli, lakini Sacco yetu yafika! Akiba za watu mia tano zikiwekwa katika benki moja huhesabiwa kuwa za mweka amana mmoja. Chase ilipochukuliwa na SBM Agosti 2018, asilimia 75 tu ya amana zilizofungwa ndizo zilizokwenda nayo, na vyama vya akiba vilikuwa miongoni mwa walionaswa.

Kwa hiyo mkutano wa mwaka wa Sacco ukifika, msiulize gawio peke yake. Ulizeni fedha ziko benki zipi, ngapi kila moja, na nani alichagua. Na ndugu zetu makarani wa mikopo, wanaoamriwa kupitisha karatasi ya rafiki wa mkurugenzi, chama kiwadai waajiri kifungu katika mapatano: karani akikataa kutia sahihi, asifukuzwe.