Kikapu Si Ushamba: Maoni Kuhusu Maisha Endelevu Katika Miji ya Kwale

Neno "endelevu" limekuwa kipenzi cha wasomi. Hutajwa katika warsha, hupamba mada za makongamano na kujaza kurasa za tasnifu. Hata hivyo, mama anayetoka sokoni Ukunda na samaki, mchicha na nazi mbili hana haja na neno hilo. Ana haja na kitu cha kubebea. Makala haya yananuia kutetea hoja moja: mkazi wa Pwani ya Kusini anayetaka kuishi mjini bila kuyaharibu mazingira halazimiki kuagiza mtindo wa maisha kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya mtindo huo imo katika lugha na ada zake, nayo ndiyo inayopotea.

Tuanze na kikapu. Kwa ukili, wazee wetu walisuka mikeka, vikapu, makanda na vifumbu. Kwa kuti la mnazi wakasuka pakacha. Kifuu nacho kikawa kata ya kutekea maji. Vilipochakaa vilirudi udongoni bila kumdhuru kasa wala samaki. Mfuko wa bure ulipoingia, kikapu kikaonekana ushamba. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Mwezi Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zikakatazwa katika fuo, misitu na mbuga zinazohifadhiwa. Sheria hizo zilifaa, ila sheria huuondoa mfuko mkononi. Haiwezi peke yake kukirudisha kikapu. Pengo lilijazwa na mifuko mingine ya bei rahisi, ambayo nayo huishia mitaroni.

Wapo watakaodai kuwa kikapu ni ghali kwa mnyonge. Dai hili lina uzito, lakini kikapu hununuliwa mara moja na kutumiwa kwa muda mrefu, na fedha yake humfikia msusi wa hapa hapa nyumbani. Wengine watasema kuwa hoteli moja ya ufuoni Diani huzalisha taka kuliko mtaa mzima. Ni kweli kwamba mzigo haulingani, na mwenye kuchafua zaidi hana budi kuwajibika zaidi. Hata hivyo, udhaifu wa mkubwa si ruhusa kwa mdogo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Maganda ya ndizi na machicha ya nazi ni mbolea ya bustani. Yakitiwa pamoja na chupa, huwa uvundo tu.

Kwamba jamii ndogo ina uwezo, ushahidi upo karibu. Huko Gazi, katika eneo la Msambweni, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaitunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Mradi huuza hewa-ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yamesaidia miradi ya maji na shule. Katika Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, mgeni hufungwa kaniki kiunoni na haruhusiwi kutoka na hata jani. Msitu ule umesalia kwa sababu mwiko ulieleweka na kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Je, sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna nafasi gani? Kwanza, tuyakusanye majina ya vyombo, misuko na miti kutoka kwa wazee wa Kwale kabla hayajazikwa nao. Pakacha lisilosukwa tena hubaki kuwa swali la mtihani. Pili, mikutano ya vyama vyetu iache chupa za plastiki, irudie mtungi na bilauri. Tatu, tuandike kwa lugha anayoielewa muuza samaki. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe tunaupita kila siku, njiani kwenda sokoni.