Ujumbe wa Alhamisi



Wengi wetu tunaoishi vijijini tumewahi kutembea saa nyingi na mtoto mwenye homa mgongoni, na tulipofika zahanati tukaambiwa: "Dawa zimekwisha, nendeni wilayani." Jibu hilo huuma zaidi tunapokuja kusikia kwamba dawa ile ile ilikuwa kabatini katika zahanati ya kata jirani.

Mwaka 2009 wilaya tatu za nchi yetu, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, zilijaribu njia nyepesi. Kila Alhamisi wahudumu wa vituo 129 walipokea ujumbe mfupi katika simu zao wenyewe, wakiulizwa idadi ya pakiti za dawa mseto na za kwinini ya sindano. Kujibu hakukuwa na gharama, na aliyejibu kabla ya Ijumaa jioni alizawadiwa salio. Hesabu ilimfikia mganga mkuu wa wilaya, na dawa ikahamishwa kutoka penye ziada. Juma la kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa walau aina moja ya dawa. Juma la 21, asilimia 26.

Hiyo 26 si ndogo kwa mama aliyefika katika kituo kimojawapo. Bohari ya wilaya ikiwa tupu, ujumbe hubeba habari ya njaa tu, haubebi chakula. Hata hivyo twaiheshimu kazi ile kuliko programu nyingi za kisasa tunazoonyeshwa leo, ambazo hudai simu ya bei kubwa na intaneti isiyokatika.

Kuna pia suala la nauli. Matibabu ya fistula katika Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutolewa bure, lakini kwa mwanamke wa mbali safari yenyewe ilikuwa ukuta. Tangu mwaka 2009 hospitali hiyo ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa: balozi wa kijijini huipokea, humkatia mgonjwa tikiti ya basi, naye balozi hupewa ahsante yake mgonjwa anapofika. Wanawake waliojificha ndani kwa miaka, wakitengwa kwa sababu ya harufu, wamepona kwa mpango huu.

Twamsifu sana yule balozi. Simu haikumtambua mgonjwa. Jirani ndiye aliyebisha hodi. Na katika nyumba zetu nyingi simu hukaa mfukoni mwa baba (akina baba, msikasirike), hivyo mama hawezi kuita msaada baba akiwa mnadani.

Kwa hiyo twaziomba jumuiya zetu, Jumamosi hii, zikubaliane ni nyumba ipi ambayo simu yake itakuwa wazi usiku kwa mjamzito yeyote, na ni nani atakayeshika akiba ya nauli. Elfu moja kwa kila kaya yatosha kuanzia.