Mlango wa Marekani na kura ya mhafidhina

  

Ndugu wasomaji, ni nyumba nyingi za Waislamu, za mwambao na za bara, zilizo na mtoto, shangazi au mjomba aliyeko Marekani. Ndiyo maana kila unapowadia uchaguzi wa rais wa nchi ile, maswali huwa mengi barazani baada ya sala. Kwa nini mgombea anayenadi kufunga mipaka hupata kura nyingi kiasi kile? Na kwa nini miongoni mwa wanaompigia kura wamo wahamiaji wenyewe, na hata Waislamu? Jibu linalotolewa aghalabu ni fupi: wanatuchukia. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi, na zaidi ya hapo linatudhuru, kwa kuwa anayelishika hana tena sababu ya kutazama mambo yanavyokwenda.

Tuanze na mwaka 2000, kwani wengi wameusahau. George W. Bush, gavana wa Texas na mgombea wa chama cha Republican, alisimama katika mdahalo wa tarehe 11 Oktoba dhidi ya Al Gore akagusia jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwake. Alisema Wamarekani wenye asili ya Kiarabu wanabaguliwa kwa kile kilichoitwa ushahidi wa siri, yaani mhamiaji kuwekwa kizuizini na kutakiwa kuondoka nchini pasipo kuonyeshwa hoja zinazomtia hatiani. Maneno yalikuwa machache, lakini yaliwafikia waliokuwa wakiyangoja. Mwezi huohuo umoja wa jumuiya za kisiasa za Waislamu wa Marekani ukatangaza kumuunga mkono. Bush alichukua jimbo la Florida, na kwa jimbo hilo urais, kwa tofauti ya kura 537. Hatusemi kwamba Waislamu ndio waliompa ushindi. Kwa tofauti ndogo kama ile kila kundi laweza kudai hivyo. Tunachosema ni kwamba mhafidhina aliwavuta watu wa asili ya ugenini kwa kuahidi haki katika mambo ya uhamiaji.

Kisha ikaja Septemba 11, 2001. Mwaka uliofuata serikali ya Bush huyohuyo ikafungua daftari maalumu. Wanaume wageni wenye umri wa miaka 16 na zaidi kutoka nchi 25, karibu zote zikiwa na Waislamu wengi, walitakiwa kufika ofisi za uhamiaji, kuchukuliwa alama za vidole na kuhojiwa. Zaidi ya 80,000 waliandikishwa. Zaidi ya 13,000 kati yao wakafunguliwa mashauri ya kuondolewa nchini. Nao, tukumbuke, walikuwa wamekwenda kwa miguu yao wenyewe, kwa kutii sheria. Hakuna aliyehitaji kuwahubiria Waislamu wa Marekani wampigie nani kura mwaka 2004. Wengi wao walimhama.

Lakini mwaka uleule wa 2004, Bush alipata takriban asilimia 40 ya kura za Walatino, kiwango kikubwa kwa mgombea wa chama chake. Mnamo Januari alikuwa amependekeza mpango wa vibali vya muda kwa wafanyakazi wasio na hati. Mtu mmoja, uchaguzi mmoja, sera mbili za uhamiaji: moja iliwafukuza watu, nyingine ikawaita. Anayedai kwamba wapiga kura hufuata chama kama kondoo na autazame mfano huu.

Baada yake mambo yaligeuka. Seneta John McCain, aliyekuwa mtetezi wa kuwapa wahamiaji njia ya kupata uraia, alilazimika kubadili kauli alipogombea mwaka 2008 na kusema kwamba kwanza mpaka ulindwe. Mwaka 2012 Mitt Romney akaenda mbali zaidi. Katika mdahalo wa Januari huko Florida alisema kuwa dawa ni wahamiaji wasio na hati kubanwa hadi waondoke wenyewe. Novemba ilipofika alipata asilimia 27 tu ya kura za Walatino, akashindwa na Barack Obama. Viongozi wa chama chake walikaa kitako, na mnamo Machi 2013 wakatoa ripoti ya kujikosoa iliyotaka chama kiunge mkono marekebisho ya sheria za uhamiaji. Wengi wetu tuliokuwa tukifuatilia habari hizo tulidhani mlango umefunguka. Tulikosea, na inafaa tueleze kwa nini.

Mgombea urais wa Marekani hupita katika milango miwili. Wa kwanza ni kura za mchujo, ambapo wafuasi wa chama huchagua mgombea wao. Wanaojitokeza ni wachache, nao aghalabu ni wenye msimamo mkali kuliko raia wa kawaida. Wa pili ni uchaguzi wenyewe wa Novemba. Kauli inayofungua mlango wa kwanza huweza kufunga wa pili, na kinyume chake. Ripoti ya 2013 iliandikwa kwa ajili ya mlango wa pili. Wapiga kura wa mlango wa kwanza hawakuisoma, au waliisoma wakachukia. Juni 2013 Baraza la Seneti lilipitisha muswada wa marekebisho kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa Republican, halikuupigia kura kabisa. Mwaka mmoja baadaye Eric Cantor, aliyekuwa wa pili kwa cheo katika baraza hilo miongoni mwa watu wa chama chake, akaangushwa katika kura za mchujo za jimboni kwake Virginia na mwalimu wa chuo asiyejulikana, aliyemshutumu kuwa amelegea katika suala la wahamiaji. Kila mwanasiasa wa chama kile alilisikia anguko hilo.

Donald Trump alilisikia vizuri kuliko wote. Alitangaza kugombea tarehe 16 Juni 2015 kwa maneno makali juu ya wahamiaji kutoka Mexico. Na tarehe 7 Desemba mwaka huo, siku chache baada ya mauaji ya San Bernardino, akataka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Wakubwa wa chama chake walimlaumu. Lakini katika majimbo ambako wapiga kura wa mchujo wa Republican waliulizwa walipotoka vituoni, wengi waliliunga mkono wazo hilo. Akapata tiketi ya chama, na Novemba 2016 akapata urais kwa tofauti ya takriban kura 78,000 katika majimbo matatu: Pennsylvania, Michigan na Wisconsin. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo karibu na mpaka wa Mexico. Mwananchi wa mji ambao kiwanda chake kimefungwa hakuhitaji kumwona mhamiaji ili amhofu. Ilitosha kuambiwa kwamba nchi yake haina tena mlango. Mtu huyo si lazima awe ametuchukia. Aliahidiwa utaratibu, akaahidiwa kwa lugha nyepesi, na upande wa pili haukuwa na lugha nyepesi ya kumjibu.

Haki inatutaka tuseme hivyo. Haki hiyohiyo inatutaka tuseme yaliyozipata familia. Tarehe 27 Januari 2017, siku ya Ijumaa, Trump alitia saini amri ya kuwazuia kwa muda raia wa nchi saba: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Watu waliokuwa angani na viza halali mikononi walishuka wakakuta hawaruhusiwi kuingia. Mahakama ziliizuia amri ile, ikaandikwa upya mara mbili, na tarehe 26 Juni 2018 Mahakama Kuu ikaipitisha kwa majaji 5 dhidi ya 4. Januari 2020 ikafika kwetu: Tanzania, pamoja na Sudan, ikaondolewa katika bahati nasibu ya viza. Wapo vijana waliokuwa wamejaza fomu, wazazi wakiwa wamekwisha kuuza kiwanja kwa ajili ya nauli. Rais Joe Biden aliyafuta yote hayo siku ya kuapishwa kwake, tarehe 20 Januari 2021. Lakini harusi iliyoahirishwa miaka mitatu, au mama aliyezikwa bila mwanawe kumwona, hakuna sahihi ya rais inayoyarudisha.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Mwaka 2024 Trump aligombea tena, safari hii akiahidi kuwafukuza wahamiaji kwa wingi usiopata kuonekana. Kama lile jibu fupi lingekuwa sahihi, wahamiaji wote wangemkimbia. Walifanya kinyume. Uchunguzi wa wapiga kura ulionyesha kuwa alipata takriban asilimia 46 ya kura za Walatino. Wilaya ya Starr huko Texas, iliyo mpakani kabisa na ambayo karibu wakazi wake wote ni Walatino, ilimchagua Republican kwa mara ya kwanza tangu 1892. Na Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu na Waislamu wengi, ulimpa takriban asilimia 42 dhidi ya 36 za Kamala Harris.

Wa Starr waliona kwa macho yao mpaka ulivyoelemewa. Desemba 2023 peke yake walikamatwa au kuzuiwa pale watu wapatao 250,000. Aliyesubiri karatasi zake miaka kumi na mitano kwa kulipa ada na kupanga foleni haoni raha kumpisha aliyevuka jana usiku. Hilo si uovu, ni tabia ya binadamu, na mgombea mwenye akili huitumia. Aliitumia kiasi kwamba, muswada wa mpakani uliopatanwa na vyama vyote viwili ulipofika Seneti Februari 2024, aliwataka watu wake waukatae, nao ukafa. Mwanasiasa anayesema nyumba inaungua kisha akazuia ndoo ya maji isipite ana haja na moto ule.

Wa Dearborn walikuwa na sababu nyingine: Gaza. Waliona silaha za Marekani zikiendelea kupelekwa chini ya serikali ya Biden na Harris, na hasira yao haikuwa ya bure. Wengine walimpa kura Jill Stein, wengine Trump. Hatuwalaani. Lakini tarehe 4 Juni 2025 Trump alitia saini tangazo jipya la kuzifungia kabisa nchi 12, zikiwemo Somalia, Sudan na Yemen, na kuziwekea nyingine 7 vikwazo vya sehemu, Burundi ikiwa mojawapo. Yemen ndiko walikozaliwa wazazi wa wengi wanaoishi Dearborn na Hamtramck jirani yake. Desemba 2025 orodha ikapanuliwa, na Tanzania ikaingizwa katika nchi zenye vikwazo vya sehemu. Wala hatuwezi kusema hawakuambiwa. Yeye alisema mapema, hadharani, kwamba zuio lile atalirudisha. Walioweka hoja hiyo pembeni wakidhani ni maneno ya jukwaani walifanya kosa ambalo wapiga kura wake wa Pennsylvania hawakulifanya: wale walimsadiki.

Tena mvuto huu haudumu. Taasisi ya Gallup iliwauliza Wamarekani mwaka 2024, na asilimia 55 wakataka uhamiaji upunguzwe. Ilipowauliza tena katikati ya 2025, baada ya kuona msako mitaani, waliotaka hivyo walishuka hadi asilimia 30, na asilimia 79 wakasema uhamiaji ni jambo jema kwa nchi. Utaratibu uliahidiwa kwa maneno. Jirani anayekamatwa kazini kwake ni mtu mwenye jina. Mhafidhina mwingine atakayesimama kesho atalazimika kupima tena, na huenda akarudi kwenye kauli ya Bush ya mwaka 2000.

Nasi tusijione tumetakasika. Masahaba wa mwanzo walihamia Habasha, wakapokewa na Najashi aliyekuwa Mkristo, akakataa kuwarudisha kwa waliowafuata na zawadi mkononi. Kisa hicho tunakisimulia kila mwaka misikitini. Lakini Aprili 2014 Wasomali wa Eastleigh walipokusanywa uwanjani Kasarani, Nairobi, wangapi miongoni mwetu walinung'unika, na wangapi walisema afadhali?

Kwa hiyo, enyi wenye jamaa waliokwisha kupata uraia kule, mnapozungumza nao simuni msiishie kuwauliza watampigia nani Novemba. Waulizeni kama wamejiandikisha, na tarehe ya kura za mchujo katika jimbo lao ni lini. Tarehe hizo hutofautiana jimbo hadi jimbo, nazo hupita miezi kadhaa kabla ya Novemba. Anayengojea Novemba hukuta majina ambayo wengine wamekwisha kumchagulia.